Mvinyo Mchanga wa Burgundy: Wanauonja Leo, Jibu Linakuja Baada ya Miaka 20

Unaambiwa kila mwaka, Jumapili ya tatu ya Novemba, mji mdogo wa Beaune pale mashariki mwa Ufaransa unafurika watu wenye mkwanja. Wamefuata mvinyo mwekundu. Cha kushangaza, mvinyo wenyewe haupo hata kwenye chupa. Hauna lebo. Upo kwenye mapipa ya mbao, una umri wa miezi miwili hivi, na ukiuonja bila kujua unachotafuta utasema huu umeharibika, mwageni.

Mwaka 2022 pipa moja la mvinyo wa namna hiyo liliondoka kwa euro 810,000. Pipa moja! Sawa, lile lilikuwa pipa la hisani, ambalo kila mwaka linauzwa kwa ajili ya mashirika ya misaada, kwa hiyo matajiri walikuwa wanashindana na kuonesha moyo. Ila mwaka huohuo mnada mzima, wenye mapipa zaidi ya 800, uliingiza zaidi ya euro milioni 28. Pesa zote hizo kwa kinywaji ambacho siku ile hakuna mtu angekiweka mezani pembeni ya chakula.

Sasa swali ni moja tu. Wanajuaje? Mtu anaweka glasi mdomoni, anakutana na uchachu na ukakasi, anatema, halafu anatoa pesa za nyumba. Anaonja nini pale ambacho wengine hawakioni?

Jibu lake ni refu kama miaka 900, na ndani yake kuna watawa, mtawala mkali, hospitali ya maskini na tapeli mmoja aliyewatoa jasho matajiri wa Marekani.

KWANZA, BURGUNDY NI NINI

Burgundy ni eneo la vilima kusini mashariki mwa Paris. Mvinyo wake mwekundu wa hadhi ya juu unatoka kwenye aina moja tu ya zabibu, Pinot Noir. Hakuna kuchanganya na zabibu nyingine ili kuficha kasoro.

Na zabibu yenyewe ni ya kudeka. Ganda lake ni jembamba, inaoza upesi, na inachipua mapema wakati baridi kali bado haijaondoka. Aprili 2021 baridi ya kugandisha ilipita mashambani usiku, machipukizi yakaungua. Mnada wa Novemba mwaka ule ulikuwa na mapipa yasiyofika hata 400. Mkulima wa huko ana nafasi moja tu kwa mwaka. Akikosea, au mbingu ikikosea, anasubiri mwaka mwingine.

Kitu cha pili ni ardhi. Shamba la huku na shamba la pale, katikati njia ya miguu tu, lakini bei zake ni mbingu na ardhi. Vipande vyenye majina yake na mipaka yake viko 1,247, na mwaka 2015 UNESCO iliviweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Juu kabisa ya ngazi kuna mashamba ya daraja la Grand Cru, ambayo mvinyo wake ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya mvinyo wote wa Burgundy.

Nani aliamua kipande hiki ni cha kifalme na kile ni cha kawaida? Hapo ndo tunarudi kwa watawa.

WATAWA NA UKUTA WAO

Mwaka 1098 kundi la watawa wa Kikatoliki lilianzisha monasteri mpya kwenye eneo la Cîteaux, karibu na vilima hivyo. Walitaka maisha magumu: kusali, kufanya kazi kwa mikono, na kula kidogo. Mvinyo walihitaji kwa ajili ya ibada, wageni na mauzo. Wakaanza kupewa na kununua vipande vya ardhi pale Vougeot, kidogo kidogo, miaka nenda rudi, mpaka wakawa na shamba moja la hekta 50 hivi lililozungushiwa ukuta wa mawe. Ukuta ule bado upo.

Kuna hadithi kwamba watawa wale walikuwa wanaonja mpaka udongo. Hiyo ibaki hadithi. Lenye uzito ni hili: watawa hawafi wote kwa pamoja. Mzee akiondoka, kijana yupo, kazi inaendelea shamba lilelile kwa mamia ya miaka. Mvinyo wa sehemu ya chini ya mlima, ambako maji yanatuama, ukilinganishwa na wa juu, mwaka baada ya mwaka, tofauti inajitokeza yenyewe. Mtu mmoja angehitaji maisha matano kujifunza hilo. Monasteri ilikuwa nayo hayo maisha matano.

Na hiyo ndo siri ya kwanza ya kuonja mvinyo mchanga. Ulimi peke yake hautoshi, inahitajika kumbukumbu. Unaonja mvinyo wa miezi miwili huku kichwani umebeba mingine ya shamba lilelile: ilikuwaje ilipokuwa midogo, na ikawaje ilipokua.

MTAWALA ALIYEIITA ZABIBU MSALITI

Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy alitoa amri nzito. Kulikuwa na zabibu nyingine imeingia mashambani, inaitwa Gamay. Wakulima waliipenda, na walikuwa na sababu. Inazaa sana, inakomaa mapema, haina mambo mengi. Kwa mkulima mwenye familia, hiyo ni chakula mezani.

Mtawala akaamuru ing'olewe. Kwenye amri yake aliita mmea mbaya na usio mwaminifu, kama vile anamzungumzia mtu aliyemsaliti. Moja ya lawama zake ilikuwa kwamba mvinyo wa Gamay unaanza vizuri, una utamu wa kumvutia mteja, halafu baada ya muda unageuka mchungu.

Tuliza akili hapo kidogo. Wakulima waliumia na amri ile, hilo halina ubishi, maana kung'oa mzabibu ni kung'oa kipato cha miaka kadhaa. Lakini ndani ya ule ukali kuna wazo ambalo waonjaji wa Burgundy wanaishi nalo mpaka leo: utamu wa siku ya kwanza haukuambii kitu. Mvinyo unaokuchekea ukiwa mchanga unaweza kukugeuka mbele ya safari. Waswahili walishamaliza, vyote ving'aavyo si dhahabu.

HOSPITALI ILIYOISHI KWA MVINYO

Mjukuu wa mtawala yule naye akatawala, na chini yake alikuwepo waziri mmoja tajiri balaa. Mwaka 1443, vita vya muda mrefu vimeacha watu hoi, njaa na tauni vinapiga, waziri yule na mke wake wakaanzisha hospitali ya maskini pale Beaune. Mgonjwa wa kwanza aliingia tarehe 1 Januari 1452. Inasimuliwa kwamba mfalme mmoja wa Ufaransa aliposikia habari ile alicheka, akasema ni haki yake kuwajengea, maana masikini wengi amewatengeneza yeye mwenyewe.

Mwaka 1457 mwanamke mmoja aliipa hospitali ile shamba la mizabibu. Wengine wakafuata. Tajiri akikaribia kufa anaacha kipande, mgonjwa aliyepona anaacha kipande. Leo hospitali ina hekta kama 60 za mizabibu, nyingi zikiwa za daraja la juu. Wagonjwa walitibiwa kwenye jengo lile la zamani, lenye paa la vigae vya rangi, mpaka mwaka 1971.

Mwaka 1859 wakaanza kuuza mvinyo wao kwa mnada wa hadhara. Desturi yao ilikuwa mishumaa midogo: unawashwa, watu wanataja dau, ukizimika bila mtu kupandisha, imeisha, mwenye dau la mwisho kabeba.

Na hapa ndo kuonja mvinyo mchanga kulipogeuka kuwa suala la maisha ya watu. Hospitali haikuuza chupa zilizokwisha kukomaa. Iliuza mapipa ya mwaka huohuo, lita 228 kila moja, kama chupa 300, na mnunuzi ndo anaenda kuulea mvinyo kwake mwaka mzima au zaidi kabla ya kuutia kwenye chupa. Maana yake vitanda, dawa na chakula cha wagonjwa vilitegemea kama mgeni aliyeonja matone mawili ameamini kwamba kile kitoto cha mvinyo kitakua.

Akikosea kwa kuudharau, maskini wanakosa. Akikosea kwa kuusifia, yeye ndo analia.

WANAUONJAJE SASA

Kama umezoea kuona kwenye filamu mtu anazungusha glasi na kukunja uso, ukadhani ni maringo tu, ngoja. Kila hatua ina kazi yake.

Jicho. Ghala za Burgundy ziko chini ya ardhi, na zamani taa ilikuwa mshumaa. Waonjaji walitembea na kikombe kidogo cha fedha, kifupi kama kisahani, chenye vinundu ndani. Mwanga wa mshumaa ukigonga vile vinundu, mvinyo unaonekana rangi yake na kama una ukungu. Leo wanatumia glasi, wanaiinamisha juu ya kitu cheupe. Mvinyo mchanga unatakiwa kuwa na wekundu wa kung'aa wenye zambarau kidogo pembeni. Ukiona pembeni pameanza kuwa na rangi ya tofali wakati una mwaka mmoja, shtuka, umezeeka kabla ya wakati. Ila usitafute weusi. Ganda la Pinot Noir ni jembamba, rangi yake ni nyepesi kwa asili, na mvinyo mwepesi wa rangi unaweza kuwa na nguvu kuliko unavyodhani.

Pua. Kabla ya kuzungusha, halafu baada ya kuzungusha. Ukiwa mchanga unanukia matunda: cheri, rasiberi, wakati mwingine maua. Kama pipa ni jipya kuna harufu ya vanila na mkate uliochomwa. Hiyo inatoka kwenye mbao za mwaloni, sio kwenye zabibu. Mwonjaji mzoefu anauliza: nikiondoa mbao, kinabaki nini?

Mdomo. Hapa kuna vitu vitatu. Wa kwanza ni uchachu, ule unaofanya mate yatoke pembeni ya ulimi. Novemba uchachu unakuwa mkali sana, kwa sababu kuna asidi kama ile ya tofaa bichi ambayo bado haijabadilika. Majira ya baridi mpaka ya kuchipua, bakteria wanaigeuza kuwa asidi laini kama ya maziwa, na mvinyo unatulia. Mwonjaji wa Novemba anatakiwa aupunguze uchachu huo kichwani mwake.

Cha pili ni ukakasi. Ule wa bibo, au wa chai ya rangi iliyoachwa na majani mpaka ikawa nyeusi. Unatokana na tanini, zilizoko kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu. Kuwepo kwa ukakasi sio tatizo, ndo mifupa ya mvinyo itakayoubeba miaka. Kinachopimwa ni aina yake. Kuna ukakasi laini kama kitambaa, na kuna unaokwangua kama msasa na kuacha uchungu wa mbegu mbichi. Huo wa pili wa kuogopa.

Cha tatu ni tunda lenyewe, katikati ya ulimi. Kama uchachu upo, ukakasi upo, halafu katikati ni patupu, hakuna pipa wala miaka itakayojaza.

Kisha anatema. Hii inawachekesha wengi, lakini mtu mwenye mapipa 40 ya kuonja kabla ya saa sita akimeza, kufikia la kumi anaona kila kitu kitamu. Na baada ya kutema ndo kipimo kikubwa kinaanza: anakaa kimya anahesabu sekunde. Ladha inabaki muda gani mdomoni? Mvinyo wa kawaida unaondoka upesi kama mgeni aliyepita kusalimia. Mkubwa unabaki, unabadilika, unarudi. Mwonjaji akitoka mlangoni bado anausikia, huyo anajua amekutana na kitu.

Kwenye ghala za wakulima wengi kilichobaki kwenye glasi bila kuguswa hurudishwa kwenye pipa. Hapotezwi mtu hapo.

HALAFU UNANUNA

Kuna kituko kingine. Mvinyo mzuri wa Burgundy ukishatiwa kwenye chupa, mwanzoni unaweza kuwa mchangamfu, matunda matupu. Baadaye, bila taarifa, unajifunga. Ukiufungua hauna harufu ya maana, umebaki uchachu na ukakasi, kama kijana wa miaka 15 anayejibu kila swali kwa "sijui". Kipindi hicho kinaweza kuchukua miaka kadhaa. Kisha unafunguka tena, na safari hii kuna harufu za uyoga, majani ya msituni, ngozi na viungo, vitu ambavyo havikuwepo utotoni.

Wengi waliotupa chupa za maana walizifungua kipindi cha kununa.

PESA IKIONJA BADALA YA ULIMI

Isidhaniwe kwamba wataalamu hawadanganyiki. Mwaka 2001 watafiti kule Bordeaux walichapisha matokeo ya jaribio moja la kuaibisha. Waliwapa wanafunzi 54 wa masomo ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho lilishasema, pua ikafuata.

Kubwa kuliko zote ilikuwa Marekani. Jamaa mmoja kijana aliibuka kwenye minada, ana chupa za Burgundy za miaka ambayo hakuna mtu anazo. Matajiri wakamkumbatia, wakanunua, wakanywa, wakasifia. Mwaka 2008 zikapelekwa mnadani New York chupa zake zenye jina la familia moja ya Burgundy, zikidai ni za miaka ya 1940 na kuendelea kutoka shamba fulani. Mkuu wa familia ile akapanda ndege kwenda kuzuia. Sababu yake ilikuwa nyepesi sana: familia yao ilianza kutengeneza mvinyo wa shamba lile miaka ya 1980. Chupa zikaondolewa. Mwaka 2012 wapelelezi wakaingia nyumbani kwa jamaa, wakakuta lebo, vizibo na chupa. Alikuwa anachanganya mvinyo mwingine na kuupa jina kubwa. Mwaka 2014 akahukumiwa miaka 10 jela.

Kwa nini aliwaweza? Kwa sababu wengi hawakuwahi kuonja kitu halisi wakalinganisha. Walionja lebo na bei. Na hapo ndo kitoto cha pipani kinapokuwa mwaminifu kuliko babu wa kwenye chupa. Pipani hakuna lebo ya kukutisha, hakuna vumbi la miaka 60. Ni wewe, mkulima mbele yako, na glasi.

KILICHOPO MEZANI

Mwaka 1934, uchumi wa dunia umeanguka na ghala za Burgundy zimejaa mvinyo usionunuliwa, kundi la watu wa Nuits-Saint-Georges lilianzisha chama cha heshima chenye jina la kile kikombe kidogo cha fedha. Wazo lao lilikuwa: kama hatuwezi kuuuza, basi tuwaalike marafiki waje kuunywa. Miaka kumi baadaye chama hicho kikachukua jengo kuu la shamba la wale watawa, ndani ya ukuta uleule. Kati ya vitu vyote vya kujivunia, mashamba, makanisa, watawala, walichagua kikombe cha kuonjea.

Inaeleweka. Anayeuonja mvinyo mchanga wa Burgundy kwa haki anamfanyia mkulima kitu kikubwa. Anamwambia: najua leo hauvutii, najua unakera, lakini nimeona mifupa, nimeona tunda katikati, nimehesabu sekunde, naweka pesa yangu. Na hatajua kama alikuwa sahihi mpaka miaka 10, 15, au 20 ipite. Wengine hawatakuwepo kuthibitisha. Mwanamke yule wa 1457 hakuonja mnada hata mmoja, lakini shamba lake liliwalisha watu ambao bibi wa bibi zao walikuwa hawajazaliwa.

Mtawala wa 1395 alikuwa mkali kupita kiasi, tapeli wa Marekani alikuwa mjanja kupita kiasi, ila wote wawili walijua kitu kimoja: watu hupenda kinachowafurahisha papo hapo. Mwonjaji mzuri ni yule anayeweza kukaa na ukakasi mdomoni sekunde chache zaidi kabla ya kusema hapana.

Haya, wewe ungekuwa Beaune na pesa ipo, ungeweka dau kwenye kitu ambacho leo kinakukunja uso? Na ni nani au nini uliwahi kukitupa kikiwa "kimenuna" halafu kikaja kukushangaza? Dondosha maoni hapo chini.